Waraka kwa Msajili wa Chuo Kinachofundisha Uuguzi

Mheshimiwa Msajili,

Mimi ni mkunga mstaafu. Umri wangu wa kazi nimeumalizia katika wodi za wazazi za hospitali za serikali, na wanafunzi wa kila ngazi, wa cheti, wa diploma na wa shahada, wamesimama ubavuni kwangu wakijifunza. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua nilizokuletea ofisini zilipokelewa kwa adabu kubwa, zikagongwa muhuri wa mapokezi, na mpaka leo muhuri huo ndio jibu pekee nililolipata. Najua meza yako ina mengi, hasa msimu huu wa udahili, wazazi kutoka mikoani wanapopiga simu kutwa kucha kuulizia nafasi za watoto wao.

Niruhusu nianze kwa shukrani. Siku tuliyofika banda lenu kwenye Maonesho ya Vyuo Vikuu pale Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, tulipokelewa vizuri mno. Nilikuwa na binti wa marehemu kaka yangu, ambaye nimemlea mwenyewe. Kijana wenu alitupa viti, akatupa maji ya kunywa, akamwita mtoto "sista" kabla hata hajajaza fomu. Mtoto akafurahi. Mimi nikapewa kijitabu cha karatasi nzito, chenye picha ya wasichana waliovaa sare nyeupe wakiwa wamemzunguka mgonjwa anayetabasamu. Ndani yake mliahidi hospitali kubwa ya kufundishia, mkufunzi wenu mwenyewe akiwa wodini na kila kikundi cha wanafunzi, maabara ya kisasa ya mazoezi ya vitendo, ada isiyopanda mpaka kuhitimu, na ajira ndani na nje ya nchi. Sina haja ya kukukumbusha moja moja, maana dibaji ya kijitabu hicho ina jina la ofisi yako na saini yako. Bado ninacho.

Nakupongeza pia kwamba kozi yenu ina ithibati ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Imo kwenye mwongozo wa udahili wa TCU, na sifa za kujiunga, miaka ya masomo na idadi ya nafasi zote zimetajwa. Mmetii sheria, na wapo waliowahi kuumiza watoto wa watu kwa kutotii. Shida yangu ni kwamba kwenye banda lenu neno "ithibati" lilijibu maswali yote. Nikiuliza habari za wodi, nilijibiwa kwamba kozi ina ithibati. Nikiuliza habari za walimu, nilijibiwa hivyo hivyo. Hakuna aliyemweleza mzazi mwenye shamba la machungwa, aliyekaa kiti cha jirani na changu, kwamba baada ya miaka minne ya darasani mtoto wake ataingia mwaka mzima wa mafunzo ya kazi hospitalini, kisha atakaa mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, na kwamba kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 ni Baraza linalotoa usajili na leseni, wala si chuo. Mzee yule aliondoka akiamini kuwa siku ya mahafali ndiyo siku binti yake anakuwa muuguzi.

Niliuliza kwa upole: katika wahitimu wenu wa mwaka uliotangulia, wangapi waliufaulu mtihani wa Baraza kwa mara ya kwanza? Nikaambiwa takwimu hizo ziko kwa Baraza. Ni kweli ziko huko. Lakini mwalimu anayejali huwatafuta wanafunzi wake hata baada ya kuwaaga, na chuo kisichotaka kujua wahitimu wake wameanguka wapi hakiwezi kujua ni somo gani kilifundisha vibaya.

Mmeandika katika kijitabu kwamba muuguzi mwenye shahada huokoa maisha, na mmetaja utafiti. Nakuunga mkono kwa moyo wote, maana nilikuwa miongoni mwa waliotetea shahada ya uuguzi pale watu walipoiona kuwa ni anasa. Utafiti wa Linda Aiken na wenzake, uliochapishwa na jarida la The Lancet mwaka 2014, uliangalia wagonjwa wa upasuaji katika nchi tisa za Ulaya. Uligundua kwamba kila wauguzi wenye shahada walipoongezeka kwa asilimia 10 hospitalini, uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30 tangu alazwe ulipungua kwa asilimia 7. Nasikitika tu kwamba mlinukuu nusu. Utafiti huo huo ulionyesha kuwa kila muuguzi anapoongezewa mgonjwa mmoja wa kumhudumia, uwezekano wa kufariki unaongezeka kwa asilimia 7. Kwa hiyo shahada ina thamani pale mwenye nayo anapopata nafasi ya kumwangalia mgonjwa, na nafasi hiyo huanza kujifunzwa akiwa mwanafunzi. Isitoshe, wauguzi wa Umoja wa Ulaya husoma chini ya kanuni inayodai saa 4,600 za mafunzo, na angalau nusu yake ziwe za vitendo, mbele ya wagonjwa. Niliomba kuona kwenye mtaala wenu saa za wodini ni ngapi. Nikaambiwa mtaala ni siri ya chuo.

Mheshimiwa, hapa kwenye wodi naomba unistahimilie, kwa maana ndipo lilipo jambo lenyewe.

Hospitali mliyoiahidi ipo. Ni kubwa kweli, na wauguzi wake ni watu wa kazi, baadhi yao nawafahamu. Ambalo kijitabu hakikusema ni kwamba mnaitumia pamoja na vyuo vingine, na kwamba hakuna anayekaa na ratiba za vyuo vyote akazipatanisha. Binti yangu alinisimulia asubuhi yake ya kwanza leba. Aliingia na wenzake, wakawakuta wanafunzi wa diploma wa chuo kingine, wanafunzi wa udaktari, na kundi la tatu ambalo hakulijua limetoka wapi. Kila mmoja na logibuku yake kwapani, kila mmoja anatafuta mama wa kumzalisha ili apate saini. Kwenye kitanda cha dirishani palikuwa na mama wa uzazi wa kwanza, khanga ameifunga kifuani, mkono mmoja umekamata chuma cha kitanda. Mwanafunzi wa kwanza akavaa glovu, akampima njia. Wa pili akampima ili ahakikishe alichosema wa kwanza. Wa tatu akampima kwa kuwa kikundi chake kilikuwa bado. Yule mama akawatazama, akauliza, "Ninyi nyote ndio mtanizalisha?" Hakuna aliyemjibu. Muuguzi wa zamu alikuwa mmoja, naye alikuwa kitanda cha pili akihangaika na mama anayevuja damu. Mkufunzi wenu, yule mliyemwahidi kwa kila kikundi, hakuwepo.

Wewe si mkunga, na sikutarajii ujue haya, kwa hiyo niseme bila kuzunguka. Shirika la Afya Duniani linashauri mama aliye kwenye uchungu uliokolea, kama hana tatizo, apimwe njia kila baada ya saa nne. Kila mkono unaoingia unaweza kupeleka vijidudu mpaka kwenye mji wa mimba, na homa ya uzazi imeua akina mama tangu zamani za mababu zetu. Ukiacha hatari hiyo, kuna staha. Mama yule ni mke wa mtu na mtoto wa mtu, amekuja kujifungua, na chuo chenu kimemgeuza somo bila kumwomba ruhusa na bila mwalimu. Wanafunzi siwalaumu. Walitumwa kutafuta saini, nao wakazitafuta.

Na saini walizipata. Binti yangu alirudi likizo na logibuku iliyojaa, nikaifungua nikamuuliza habari za kila mama, kama nilivyokuwa nikiwauliza wanafunzi wangu. Huyu njia ilifunguka kwa saa ngapi? Patografu ilivuka mstari wa tahadhari? Mtoto alilia mara moja? Kwa baadhi alinijibu vizuri. Kwa wengine alinyamaza, kisha akaniambia, "Shangazi, hawa nilisimama mlangoni tu." Saini zilikuwepo, na muhuri wa chuo ulikuwepo juu yake.

Naomba uelewe saini ile inamaanisha nini kwa watu wa kazi yetu. Mwanafunzi wangu hakuwa anaipata mpaka nimeona kwa macho yangu anavyosubiri kichwa kitoke taratibu, kiganja kimeukinga msamba, hana pupa. Mpaka nimeona anamkausha mtoto, anamlaza kifuani kwa mama yake, na mama anachomwa oksitosini ndani ya dakika moja. Mpaka nimeona anafanya nini mtoto asipolia. Wauguzi wa nchi hii wanaijua dakika ya dhahabu: mtoto asiyepumua akishakaushwa na kusuguliwa mgongo, anatakiwa awe ameanza kupumulishwa kwa ambubegi kabla dakika ya kwanza haijaisha. Mikono isiyowahi kushika ambubegi ikiwa na mwalimu pembeni hutetemeka, na dakika hiyo hupita. Anayesimama mlangoni leo ndiye atakayekuwa peke yake na zamu ya usiku kwenye kituo cha afya kijijini, na hapo hapatakuwa na mlango wa kusimama.

Nimeambiwa kwamba mkufunzi wa wodini yupo, ana mkataba, na jina lake limo kwenye kijitabu. Siwezi kulikana hilo. Ni mwalimu hodari, na nimesikia sifa zake katika vyuo vingine viwili ambako pia anafundisha. Wanafunzi wenu wanampenda, nao wanamwona siku ya kusaini. Siku nyingine zote mnawategemea wauguzi wa wodi, wale wale walioelemewa, wawafundishe watoto wenu bila malipo na bila hata barua ya kuwashukuru. Tangu Florence Nightingale alipofungua shule yake mwaka 1860 ndani ya hospitali ya St Thomas, London, imekuwa ikijulikana kwamba uuguzi hufundishwa pale mgonjwa alipo, na mtu aliyepewa kazi hiyo. Jukumu hilo mlilikubali mlipopokea ada.

Kuhusu maabara ya mazoezi, hongereni sana, ni nzuri. Niliiona siku ya wazazi. Midoli ni mipya, mingine bado imo kwenye plastiki yake, na mkono wa bandia wa kujifunzia kutafuta mshipa haukuwa na tundu hata moja la sindano. Binti yangu ameweka kanula kwa mara ya kwanza kwenye mkono wa mtoto mgonjwa, mama yake akiangalia, kwa sababu ufunguo wa maabara uko kwa mtumishi mmoja ambaye huondoka saa tisa na nusu, na vipindi vyao vilikuwa vinaisha saa kumi. Kwa hili sikuombi fedha. Kuchonga ufunguo wa pili hakuhitaji kikao cha baraza la chuo.

Ada haikupanda. Mlitimiza, nami nashuhudia mbele za watu. Kilichoongezeka ni kila kitu kilichokaa kando ya ada: logibuku, sare ya pili, usafiri wa kwenda wodini, mchango wa fildi, mchango wa maendeleo ambao hakuna aliyetuonyesha maendeleo yake. Shilingi 20,000 kwa mwaka ziendazo TCU kwa ajili ya ubora sina neno nazo, ziko wazi na kila chuo kinazitoza. Hayo mengine yangewekwa kwenye karatasi moja tangu siku ya kwanza, wapo wazazi ambao wasingeuza kiwanja katikati ya mwaka wa tatu.

Kuna kijana mmoja, muuguzi wa diploma, aliyesoma darasa moja na binti yangu. Aliacha kazi ya hospitali binafsi kwa kuwa mlimwambia masomo yake ya diploma yatahesabiwa na atamaliza mapema. Alipofika, akaambiwa utaratibu huo bado unaandaliwa, akaanza mwaka wa kwanza kujifunza namna ya kupima presha. Nashukuru kwamba mlimpa pole.

Nije kwenye ajira ya nje, maana ndiyo ahadi iliyoandikwa kwa herufi kubwa kuliko zote, juu ya picha ya ndege. Anayetaka kuuguza Uingereza sharti asajiliwe na baraza la huko: athibitishe Kiingereza chake, kwa mfano IELTS alama 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika, afaulu mtihani wa kompyuta, kisha asafiri akakae mtihani wa vitendo huko huko, mbele ya watahini wanaoangalia mikono yake. Nchi kadhaa za Ghuba nazo zina mitihani yao ya leseni. Hakuna hata mmoja kati ya mitihani hiyo mnaouandalia wanafunzi wenu. Tena Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye uhaba mkubwa wa watumishi wa afya, na kwa kanuni za Uingereza waajiri wa huko hawaruhusiwi kuja kusaka wauguzi katika nchi hizo. Muuguzi anaweza kuomba kwa juhudi zake mwenyewe, na namwombea heri. Lakini kijana wenu pale Mnazi Mmoja alituambia kwamba waajiri "wanakuja chuoni kuchagua". Ningependa kujua ni waajiri gani, na walikuja lini.

Nami nina uchungu na ahadi hiyo kwa sababu nyingine pia. Wilaya nilizofanya kazi zina zahanati zenye muuguzi mmoja, na akienda kufuata mshahara mjini mlango unafungwa. Mngeweza kumwambia mtoto kwamba atahitajika sana huko, kwamba ajira za serikali hutangazwa kwa vipindi na huenda akasubiri, na kwamba akisubiri awe na mikono inayojua kazi. Huo ungekuwa ukweli, na wapo ambao wangeuchagua uuguzi kwa sababu ya ukweli huo.

Ninachokuomba hakizidi karatasi moja, nayo iwekwe ndani ya kile kijitabu kizuri. Iandike hospitali mnayoitumia ina vitanda vingapi leba na wanafunzi wangapi wa vyuo vyote huingia humo kwa wakati mmoja. Iandike saa za wodini kwa kila mwaka wa masomo, na jina la mkufunzi anayekuwepo kwa saa hizo, ambaye hafundishi kwingine siku hiyo. Waliokaa mtihani wa Baraza na waliofaulu wawekwe hapo, hata kama idadi haipendezi, na michango yote mpaka ya mwaka wa nne. Mzazi akipata karatasi hiyo atachagua akiwa na macho mawili, na chuo chenye la kujivunia hakitapoteza mwanafunzi hata mmoja.

Binti yangu sasa yuko kwenye mwaka wake wa mafunzo ya kazi. Msimamizi wake, mkunga wa siku nyingi, anamfundisha upya yale ambayo logibuku yenu inasema anayajua, na mtoto anajifunza kwa bidii na kwa aibu ambayo hakustahili kuwa nayo. Mdogo wake amemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa PCB. Naye anautaka uuguzi, na amechaguliwa kwenu na katika chuo kingine. Kama ujuavyo, mwenye vyuo zaidi ya kimoja hutumiwa namba maalumu kwa simu, naye huthibitisha chuo kimoja kabla dirisha halijafungwa. Namba hiyo imeshafika, imo kwenye simu yangu. Chuo hicho kingine kiko mbali zaidi na nyumbani, na banda lao halikuwa na viti, lakini nilipowauliza habari za wodi walinipa jina la mkufunzi na siku anazokuwepo, nikampigia, nikamkuta leba.

Anwani yangu iko kwenye zile barua zilizogongwa muhuri. Nitasubiri jibu lako hadi siku ya mwisho ya kuthibitisha, saa sita mchana. Baada ya hapo mtoto atathibitisha huko kwingine, nami nitaomba uniwie radhi.

Wako kwa heshima,

Mkunga mstaafu,
Tanga.